Sato wangu wamekufa chumvi ilipopanda, perege wa mkondoni wanadunda: ni damu au ni mazoea?

MfugajiMlingotini

Wakuu habari za jioni, wazee wangu wote humu shikamooni.

Nina bwawa la udongo huku Mlingotini, Bagamoyo, nyuma kidogo ya mikoko. Maji natoa kisimani kwa pampu ila ikifika bamvua, bahari inapojaa sana, maji ya mkondo yanapenya yenyewe kwenye tuta, nimeziba wee nimechoka. Niliweka vifaranga vya sato, dume watupu, nilichukua kwa muuzaji mmoja wa bara (jina naliacha) ambaye aliniapia kwamba mbegu yake ni ya kisasa inavumilia kila kitu. Na kweli walikula vizuri wakakua nikaanza hata kupiga hesabu za wateja. Ikaja bamvua ya kipindi kile cha jua kali, mvua hakuna, chumvi ikapanda. Dogo mmoja anayesoma chuo cha uvuvi pale Mbegani akaja na refraktometa yake tukapima ikasoma 24, yaani gramu 24 za chumvi kwa lita. Kuanzia hapo sato wakaanza kuondoka, sio wote kwa mkupuo, leo hawa kesho wale, anaacha kula kwanza, anakuwa mweusi, macho yanaingia ndani, mgongo unakonda mpaka mfupa unaushika kwa mkono, halafu unamkuta pembeni upepo umemsukuma. Waliobaki ni wa kuhesabu.

Sasa kinachoniumiza kichwa ni hiki. Bwawa hilo hilo kuna perege walioingia wenyewe kutoka mkondoni, sijawaalika. Hao hawana habari kabisa! Madume wamekuwa weusi tii, ukingo wa pezi la mgongo mwekundu, wanachimba viota chini huko, majike midomo imejaa mayai. Wenzao wanakufa wao wanaoana.

Naomba kujua, hii kuvumilia ni kitu cha kuzaliwa nacho, kiko kwenye vinasaba vyao, au ni mazoea tu ya kukaa kwenye chumvi? Na je hao sato wachache waliopona nikiwafanya wazazi nitapata ukoo wa sato wa chumvi? Maana nimeshaanza kuota.

ChumaChaChalinze

Pole sana mkuu. Mimi ningekushauri uhamie kambare, yule jamaa hata maji yakioza anapanda juu anavuta hewa anashuka zake.

BiMwatiko

Chuma usimpoteze mwenzio jamani. Kambare anavumilia kukosa oksijeni, ana kiungo chake juu ya matamvua cha kuvutia hewa ya huku juu, hiyo ni habari nyingine kabisa. Kwenye chumvi ya 24 kambare hatoboi. Samaki kuwa mgumu kwa jambo moja haina maana ni mgumu kwa yote.

Mfugaji mdogo wangu, kabla hatujafika kwenye damu na ukoo, una uhakika kilichowaua ni chumvi? Maji ya moto na yenye chumvi yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na bwawa likiwa la kijani sana alfajiri oksijeni inaisha kabisa. Huku Tanga nimeshaona mtu analaumu bahari kumbe ni chakula alichokuwa anamwaga kupita kiasi. Ikiwa ni oksijeni utawaona alfajiri wako juu wanatweta midomo wazi, na wakubwa ndo wanatangulia kufa.

MfugajiMlingotini

Dada nashukuru. Hapana, asubuhi walikuwa hawapandi juu, na wanakufa saa yoyote hata mchana. Waliotangulia ni wadogo. Na maji sio ya kijani sana, mkono ukiuzamisha mpaka kwenye kiwiko vidole bado naviona.

BiMwatiko

Basi sawa, hiyo inaelekea chumvi kweli. Ngoja waje wenye vitabu.

Matamvua

Nimekuja. Nilikaa maabara ya samaki miaka kadhaa kabla sijahamia kwenye biashara ya vifaa vya umeme hapa Tanga mjini, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

Ni vyote viwili mkuu, damu na mazoea, ila kwa hao perege wako damu ndo imebeba mzigo mkubwa. Damu ya samaki hawa wa kawaida, awe wa mtoni awe wa baharini, chumvi yake ni kama theluthi ya chumvi ya bahari. Bahari ni 35 hivi, damu iko kwenye 10 au 12. Sato akiwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kinachomsumbua ni maji kumwingia mwilini na chumvi kumtoka, kwa hiyo anakojoa sana na matamvua yanafanya kazi ya kuvuta chumvi kutoka nje. Maji yakifika 24 mambo yanageuka, maji ndo yanamtoka, chumvi ndo inamwingia, ndo hayo macho kuingia ndani na mgongo kukonda uliyoyaona, huyo samaki amekufa kwa kiu yuko ndani ya maji. Ili apone inabidi aanze kunywa yale maji ya chumvi halafu chumvi aitupe nje kupitia matamvua. Kuna seli maalumu pale zimejaa vipampu vya protini vya kusukuma sodiamu na potasiamu, na vinakula nguvu kwelikweli.

Sasa vinasaba vinaingia hapo. Maelekezo ya kutengeneza vipampu hivyo yako kwenye jeni, na samaki ana matoleo zaidi ya moja ya jeni hiyo. Perege wa Msumbiji (Oreochromis mossambicus), ambaye ndo amechunguzwa sana kwenye mambo haya, ana toleo la maji baridi na toleo la bahari, ukimhamisha anapunguza moja anaongeza jingine na ndani ya siku chache matamvua yake yameshakuwa mengine. Wanaotoa amri ni homoni. Prolaktini, inatoka kwenye kitezi kilicho chini ya ubongo, inamweka samaki kwenye hali ya maji baridi. Kotisoli na homoni ya ukuaji zinamsogeza upande wa bahari. Hii ya prolaktini ilijulikana zamani, mwaka 1959 Pickford na Phillips walichukua kasamaki ka pwani ya Marekani kanaitwa Fundulus heteroclitus, ukikatoa kile kitezi hakawezi tena kuishi maji baridi kanakufa, ukikapiga sindano ya prolaktini kanaishi.

Sato naye jeni hizo anazo, tusidanganyane. Hana upungufu wa vifaa. Tofauti iko kwenye lini zinawashwa, kwa kasi gani, na kwa kiasi gani. Kuna kazi moja naipenda sana, ya Streelman na Kocher ya mwaka 2002. Walichukua uzao wa pili wa mchanganyiko wa sato na perege wa Msumbiji, wakaangalia kipande cha DNA kilichoko mbele ya jeni ya prolaktini, kipande ambacho herufi zake zinajirudia rudia tu, mtu ukikiona unasema hiki ni takataka. Samaki aliyerithi kipande kirefu kutoka kwa baba na kwa mama alikuwa anatengeneza prolaktini kidogo akiwa maji baridi, lakini akiwekwa kwenye maji ya nusu bahari anatengeneza nyingi kuliko wenzake. Na ukuaji kwenye chumvi nao ulikwenda tofauti kulingana na urefu wa kipande hicho. Kipande chenyewe hakimo hata ndani ya protini! Kinachezea tu amri ya kuitengeneza. Kwa hiyo watu wanaotafuta "jeni ya chumvi" kama vile ni moja, wanajisumbua. Ni nyingi, na kila moja inasukuma kidogo.

Hilo la sato waliopona nalijibu baadaye, kuna mteja hapa.

ChumaChaChalinze

Mkuu Matamvua umenifungua macho. Vipi wale samaki wa Ziwa Natron, nasikia wanaishi kwenye magadi ya moto? Hao nao ni prolaktini?

Matamvua

Hao ni habari nyingine na ni perege pia, ukoo mmoja na hawa wa Mlingotini. Wa Natron kwetu na wa Magadi kule Kenya. Yule wa Magadi (kitaalamu Alcolapia grahami) anaishi kwenye maji ya pH 10 hivi, na chemchemi zingine zinazidi nyuzi 40. Samaki wa kawaida taka yake ni amonia, inatoka yenyewe kwenye matamvua bila gharama. Kwenye maji ya magadi haitoki, inarundikana mwilini inamuua. Mwaka 1989 ikaripotiwa kwamba huyu jamaa taka yake yote anaigeuza urea, yaani kama mimi na wewe, akiwa samaki mzima. Na kinachofurahisha ni kwamba jeni za kutengeneza urea hakuzitunga yeye. Samaki wengi wanazo, wanazitumia wakiwa wachanga sana halafu zinalala. Yeye zake zimebaki macho maisha yote, tena anazitumia hadi kwenye misuli wakati sisi tunategemea ini.

Ukiangalia samaki wengi wagumu ni hivyo hivyo, kitu cha zamani kinapewa kazi mpya. Kuna samaki wa Ulaya wa jamii ya kapu (carp kwa Kiingereza), baridi ikiganda juu ya ziwa oksijeni inaisha miezi, yeye anatengeneza pombe. Sitanii, ethanoli kabisa, inamtoka kwenye matamvua. Mwaka 2017 ikaonekana ni kwa sababu mababu zake walipata nakala ya ziada ya jeni zote, nakala moja ikaendelea na kazi yake ya siku zote ya kuvunja sukari, nyingine ikabadilika ikawa ya kugemea.

ChumaChaChalinze

Samaki anagema mwenyewe halafu hakamatwi 😂😂 nahamia Ulaya

MzeeWaKaole

Marahaba wanangu. Nimesoma yote.

Mfugaji, huyo perege wako mweusi mwenye ukingo mwekundu usimdharau. Kwa maelezo yako huyo ni perege wetu wa Wami, mto huo hapo kaskazini kwenu unaoingilia baharini Saadani. Vitabuni wanamwita Oreochromis urolepis hornorum. Zamani alipelekwa Unguja, na kutoka Unguja akasafirishwa mpaka Malaka, Malaya ya wakati ule, kwenye kituo cha utafiti wa samaki. Pale mtaalamu mmoja Mwingereza akiitwa Hickling akamchanganya dume wa huku kwetu na jike la perege wa Msumbiji, watoto wakatoka madume matupu. Akaandika mwaka 1960. Dunia nzima ikashangaa, maana wafugaji wote wanataka dume, dume anakua na hajazi bwawa vitoto. Kule walikuwa wanamwita perege wa Zanzibar, Wami ikasahauliwa. Mpaka leo mtu wa Bagamoyo ananunua mbegu bara kwa bei mbaya, na samaki aliyezunguka dunia anamtupa kwa bata.

Nina neno jingine. Hao sato wako tuta likibomoka wanakwenda wapi? Mkondoni. Watafiti wamepima vinasaba vya perege maeneo mengi ya nchi hii na wamekuta sato wa kuletwa wameshaingia mitoni na kwenye mabwawa, wanazaliana na perege wa asili. Wa Wami, wa Pangani, wa Korogwe wapo katika hatari hiyo. Ukiona samaki ana mistari ya kusimama iliyopangana mkiani, kuna sato humo. Mkia wa perege wetu hauna mistari hiyo. Katazame mikia ya hao unaowaita perege, dume na jike, usitazame rangi peke yake, rangi inabadilika na maji na hasira.

MfugajiMlingotini

Shikamoo mzee wangu. Nimetoka kutazama sasa hivi na tochi, nimekamata na wavu mdogo. Wakubwa mkia hauna mistari kabisa. Ila kuna wawili watatu wa saizi ya kiganja wana mistari ile hafifu, imekatika katika. Hao ndo machotara?

MzeeWaKaole

Inawezekana. Kwa macho hutamaliza ubishi, hiyo mpaka DNA. Lakini usiwarudishe mkondoni.

PwaniHustler

Mzee shikamoo, heshima kwako, ila ngoja niwe mkweli. Perege anazaa akiwa mdogo hivi, baada ya muda bwawa zima limejaa samaki wa saizi ya kidole, huyo utamuuzia nani? Mteja wa hotelini anataka sato wa kujaa sahani. Mambo ya kulinda ukoo wa Wami ni mazuri lakini ada ya shule hailipwi na ukoo wa Wami. Mimi naona ajaribu hao sato waliopona, si ndo walivyofanya wazungu, wanachagua waliobaki wanazalisha?

Matamvua

Nimerudi. Hustler umeuliza kitu cha maana ila jibu halitakufurahisha.

Sato aliyepona anaweza kuwa amepona kwa mambo mengi. Inawezekana kweli ana jeni nzuri. Inawezekana alikuwa anajibanza kwenye kona maji ya kisima yanapomwagikia, pale chumvi ni ndogo. Inawezekana ni ukubwa tu, perege na sato wadogo chumvi inawamaliza haraka kuliko wakubwa, na Mfugaji mwenyewe kasema wadogo ndo walitangulia. Kati ya hayo ni moja tu linalorithiwa, na kwa kuwatazama tu huwezi kulitenganisha na mengine.

Halafu kuna idadi. Rudi kwa kale kasamaki Fundulus. Kuna bandari za mashariki ya Marekani zilichafuliwa na sumu za viwanda kiasi kwamba samaki wa kawaida pale anakufa akiwa bado yai, lakini Fundulus wanaishi, na wa sehemu kadhaa wanavumilia mpaka mara elfu kadhaa kuliko ndugu zao wa maji masafi. Mwaka 2016 zilisomwa genomu zao, yaani DNA yao nzima, bandari nne tofauti, ikaonekana kote njia ile ile ya mwili ya kuitambua sumu imezimwa zimwa, ila mabadiliko ya jeni hayafanani kila mahali. Imetokea kwa miongo michache tu! Lakini kilichowabeba ni kwamba walikuwa wengi mno, na utofauti wa jeni ulikuwa umeshalala ndani yao kabla sumu haijaja. Sumu ilichagua tu kilichopo. Wewe una sato wa kuhesabu, wametoka kwa muuzaji mmoja, pengine ni ndugu wa tumbo moja, tena wote dume maana ulinunua dume watupu. Utawazalisha na nani?

PwaniHustler

😂😂 hapo kwenye dume watupu umenimaliza. Sikufikiria

MfugajiMlingotini

Hata mimi nimecheka peke yangu hapa mke wangu ananitazama

Matamvua

Na ile "mbegu ya kisasa". Sato bora anayejulikana zaidi duniani, GIFT, alianza kutengenezwa Ufilipino mwaka 1988, wakakusanya sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegali wakawachanganya na waliokuwa wanafugwa kule, kisha kila kizazi wakachagua wanaokua haraka. Ukuaji. Hakuna aliyekuwa anauliza habari ya chumvi. Mtu akikwambia mbegu imeboreshwa muulize imeboreshwa kwa kitu gani, maana kinachochaguliwa ndo kinachopanda, kingine kinabaki kilipokuwa au hata kinashuka. Na uvumilivu una gharama, nguvu inayokwenda kwenye vipampu vya matamvua ni nguvu ambayo haikuwa nyama.

Wafilipino walipotaka samaki wa chumvi walichukua njia nyingine, wakamchanganya sato na perege wa Msumbiji, halafu wakawa wanawachagua vizazi kwa vizazi humo humo kwenye chumvi. Na ile tilapia nyekundu ya Florida (tilapia ni jina la kizungu la jamii hii ya sato na perege) ambayo inafugwa mpaka kwenye maji ya bahari yenyewe, mzee atafurahi, upande mmoja wa ukoo wake ni huyu huyu perege wa Wami na upande wa pili ni wa Msumbiji. Kwa hiyo jeni anazotafuta Hustler ziko kwenye bwawa la Mfugaji tayari, zinachimba viota.

Sisemi uanze kuchanganya sato na perege hapo ulipo mkuu. Tuta lako linavuja, umesema mwenyewe. Uchanganyaji unafanyika mahali ambapo maji yanatoka kwa bomba na chujio, sio nyuma ya mikoko mita chache kutoka mkondoni.

BiMwatiko

Matamvua kaka nakusikiliza, lakini naona mazoea mnayapitia juu juu. Mimi sina maabara ila nimefuga. Sato yule yule ukimtoa maji ya bomba ukamtupa kwenye 20 anakufa, ukimpandishia kidogo kidogo, leo gramu tatu nne, kesho tena, anafika huko na anakula. Hajabadilisha jeni hata moja. Na kuna watafiti, Watanabe na wenzake miaka ya 1980, walionyesha kitu kikubwa zaidi, sato aliyetagwa na kuanguliwa kwenye maji ya chumvichumvi anavumilia kuliko yule aliyeletwa kwenye chumvi baada ya kuzaliwa maji baridi. Kwa hiyo muuzaji wa bara hata angekuwa na ukoo wa dhahabu, kifaranga kilichokulia kwenye maji ya mto kikipigwa na bamvua siku moja ni kilio.

Ila kuna mpaka. Kuvumilia 20 sio kunenepa kwenye 20, sato ukimpitisha 15 hivi anaanza kudumaa. Ndo maana mimi nilihamia mwatiko, samaki wa pwani. Mwatiko unamtoa mkondoni akiwa uzi mwembamba wenye macho, unamtia bwawani, maji yawe ya mvua yawe yamezidi bahari kwa jua la kaskazi yeye anaogelea. Shida yake ni miba na vifaranga, unategemea msimu wavuliwe, huwezi kuwazalisha bwawani kama perege.

Matamvua

Dada hatugombani. Uwezo wa kuzoea wenyewe nao umeandikwa kwenye jeni, perege wa Wami anazoea mpaka mbali, sato anazoea mpaka karibu.

MfugajiMlingotini

Sasa wakuu nimeelewa kwamba sato wangu ndo basi, hao waliobaki nakula. Lakini hao perege, na wenyewe nitajuaje kwamba ni ukoo na sio kwa vile wamekulia mkondoni? Maana dada hapo juu kasema kuzaliwa kwenye chumvi kunasaidia.

Matamvua

Swali zuri kuliko yote kwenye huu uzi. Dawa yake ni kuwalea sehemu moja. Chukua majike wa perege wako wenye mayai mdomoni, wale wa mkia msafi, waweke kwenye tangi la maji ya kisima yasiyo na chumvi kabisa wakatapikie vitoto humo. Vitoto vikitoka acha vikulie maji baridi, viwe havijawahi kuonja bahari. Pembeni tafuta vitoto vya sato vya umri huo huo, vilivyolelewa maji hayo hayo, chakula hicho hicho, idadi sawa. Wakishakuwa na ukubwa unaofanana, gawa kila kundi mara mbili, nusu wabaki maji baridi, nusu uwapandishie chumvi kwa mwendo mmoja mpaka 24. Wale wa maji baridi usiwasahau, bila wao hujui kama wanakufa kwa chumvi au kwa mikono yako. Kama perege waliolelewa kwenye baridi bado wanawashinda sato, hapo sio mazoea ya kukulia kwenye chumvi. Ikibaki shaka ni kwamba mama zao walitaga wakiwa kwenye chumvi, hiyo nayo inaweza kuacha alama, basi hao hao wakikua wazalishe humo humo kwenye baridi urudie na watoto wao. Wakishinda tena, mimi sina ubishi.

Na tumia majike kadhaa usitumie mmoja, vinginevyo utakuwa unapima familia moja halafu unasema ukoo mzima.

Vyombo viwe zaidi ya kimoja kila upande pia. Tangi moja likipata tatizo la pampu utaandika historia ya uongo.

MzeeWaKaole

Wafuate maofisa uvuvi wa wilaya ukiwa unafanya hivyo, na hapo Mbegani wapo walimu. Sio kwa ajili ya kibali tu, hao machotara uliowaona wanafaa kujulikana.

MfugajiMlingotini

Sawa mzee, huyo dogo wa refraktometa kashaniambia atamshirikisha mwalimu wake. Tangi ninazo mbili za lita elfu, kuzigawanya nataka nishone neti niwatenge humo ndani. Nyumbani kuna vyandarua vile vya kugawiwa hatuvitumii, vinafaa?

BiMwatiko

HAPANA. Vile vimewekwa dawa ya kuua mbu na dawa ile ni sumu kali kwa samaki, hata ukiifua haiishi yote. Utaua makundi yote mawili halafu uje kusema perege hana lolote. Nunua neti ya dirishani isiyo na dawa, ya plastiki, tundu dogo, shona pindo na weka mawe madogo chini isielee. Na uisugue asubuhi, mwani ukiziba matundu maji hayapiti.

MfugajiMlingotini

Ya dirishani basi. Kesho naenda Dunda dukani.